Shomoro wa matabishi

Siku ya yenga, muchungaji ao padri akisoma sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, kanisa lote linaitika Amina. Tunaijua ile habari kwa kichwa: ndege hawana shamba, hawana gala, na bado wanapata chakula chao kwa Baba wa mbinguni. Tunatoka pale na moyo mwepesi, tunarudi nyumbani kula bukari. Lakini mutu akisoma tena pole pole ataona kitu kimoja. Yesu hakusema tu kwamba ndege wanalishwa. Alianza na amri: aliwaambia watu watazame. Kutazama ni neno la kufanya, sawa vile kuomba ni neno la kufanya, na kusamehe ni neno la kufanya.

Sasa ninauliza, ndugu musomaji: ile amri, nani kati yetu anaitii? Kuomba, tunaomba mpaka usiku kati. Kufunga, tunafunga. Sehemu ya kumi tunatoa, hata mwezi ambao mushahara umechelewa. Lakini kutazama ndege? Hapo tunasema ni mambo ya watoto, ao ya wazungu wenye kuvaa kofia kubwa na kubeba apareyi yenye pua ndefu.

Mawazo yangu ni haya. Mufanyakazi wa mugoti, ao mama wa nyumba, ao mutoto wa masomo, mwenye kukaa kimya dakika kumi na telefone mukononi, kungojea ndege asogee, kisha kumupiga foto bila kumufukuza, yule hachezi. Anatii. Na hapa kwetu mu Katanga, mu inchi ya shaba na kobalti, kutii kule kuko na kazi kubwa zaidi, kwa sababu jicho letu limeshikwa na ugonjwa wa namna yake.

Jicho lenye kutafuta bei

Sisi watu wa madini tumezoea kutazama inchi kwa namna moja. Kuko vilima ambako miti haioti, majani tu, na kati ya majani kuko ua dogo la rangi ya zambarau ambalo Wafransa wanaita ua la shaba. Mwenye kujua akifika pale anafahamu mara moja: chini kuko kitu. Ni akili kubwa ile, na imetulisha sisi na watoto wetu. Lakini angalieni imetufundisha nini. Hata ua, hatulitazami kwa sababu ni ua. Tunalitazama kwa sababu ya kile kiko chini yake.

Kitabu cha Yobu kinajua kazi yetu vizuri. Wengi hawajui kwamba Biblia iko na sura karibu nzima juu ya wachimbaji, sura ya 28. Pale wanasimuliwa watu wenye kuingia mu giza la chini ya udongo, wenye kuning'inia mbali na wenzao, wenye kupasua mwamba, wenye kutafuta feza, zahabu, chuma na shaba. Mutu wa mugoti akiisoma atasema: huyu mwenye kuandika aliongea na mutu wa kwetu. Na katikati ya sura ile anawekwa ndege. Tai na mwewe, wenye macho makali kuliko wote, ile njia ya chini hawaijui. Mutu anaona mahali ambapo ndege haoni. Ni sifa kubwa kwa muchimbaji. Lakini nyuma ya sifa kunakuja ulizo: hekima, yenyewe, inachimbwa wapi? Na jibu ni kwamba haiko mu shimo, haiko mu bahari, na zahabu haiwezi kuinunua.

Mimi ninaielewa sura ile namna hii: Mungu hakatazi kuchimba. Anamuonya mwenye kuchimba asizani kwamba jicho lenye kuona chini limekwisha kuona yote.

Na jicho lenye kutafuta bei peke yake halisimami ku ndege. Linafika ku mutu. Wazee wa miji yetu wanakumbuka miaka ya 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa ule mupango ulioitwa « départs volontaires ». Jana alikuwa mutu wa matrikile, mwenye hospitali na masomo ya watoto. Kesho yake alikuwa mutu wa kukaa kwenye kiti mbele ya mulango. Wengine waliomusalimia na mikono mbili wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Kitu kisicho na bei tunakipita. Mutu ambaye bei yake imeshuka tunamupita vile vile. Kwa hiyo habari ya kutazama ndege haiko habari ya ndege peke yake.

Shomoro wa tano

Mu Injili kuko bei mbili za shomoro. Ku Mathayo sura ya 10, wawili wanauzwa kwa feza moja ndogo. Ku Luka sura ya 12, watano wanauzwa kwa feza mbili. Mama yeyote mwenye kuuza ku soko ya komine Kenya, pa Lubumbashi, anafahamu mara moja nini ilitokea. Kama wawili ni kwa feza moja, kwa feza mbili unapata wane. Wa tano anatoka wapi? Ni matabishi. Muuzaji ameona umenunua vizuri, anakuongezea mumoja juu, kusudi kesho urudi kwake. Shomoro wa tano hakulipiwa kitu. Ku hesabu ya soko ni sifuri.

Na ni juu ya wale watano wote, pamoja na yule wa matabishi, Yesu anafundisha kwamba hakuna hata mumoja ambaye Mungu anamusahau.

Hii ndiyo imani ambayo foto inaweza kutufundisha na mukono, haiko na masikio tu. Kwa sababu kupiga foto ni kuchagua. Ukielekeza telefone ku harusi, unasema harusi ni ya maana. Ukielekeza ku gari mupya, unasema gari ni ya maana. Ukielekeza ku ndege mudogo wa kijivu mwenye kuokota punje za mahindi karibu na kinu, umesema mbele ya Mungu: huyu pia nimemuhesabu.

Tena kuko tofauti kati ya foto na kazi zetu zingine. Mugoti, ukitoa, shimo linabaki. Makala, ukitoa, muti umekwisha. Mutego, ukitoa, nyama haiko tena mu pori. Foto unatoa, na ndege anaruka, anaenda kwa watoto wake, muzima. Hakuna kitu kimepunguka. Mu inchi ambamo kila mutu, kutoka kampuni kubwa mpaka mwenye kuchoma makala, anaishi kwa kupunguza, roho inahitaji kazi moja hivi.

Ndege wa ziwa la umeme

Nitoe mufano wa hapa hapa. Watu wa Likasi wanajua ziwa Tshangalele. Haliko ziwa la tangu kuumbwa kwa dunia. Union Minière ilijenga barrage ya Mwadingusha ku mto Lufira kusudi ipate umeme wa viwanda vyake. Mwaka 1930 barrage ikaanza kazi, na maji yaliyozuiwa yakafunika bonde. Ndege hawakuwa mu ule mupango.

Mwaka 1960, mwaka wetu wa uhuru, Mubelgiji mumoja mwenye kujifunza mambo ya nyama, Ruwet, alipata pale ku ziwa ndege mufumaji wa njano mwenye uso mweusi, wa ile jamaa yenye kufuma viota vya majani. Alifanana na wafumaji wengine, lakini hakuwa wao. Mwaka 1982 tu njo wenye elimu walimupa jina lake mu vitabu: Ploceus ruweti. Kisha ilipita miaka karibu makumi tano tangu ile siku ya kwanza mbele habari yake isikike tena. Ilikuwa mwaka 2009 wakati ilitangazwa kwamba amepatikana: yuko, anafuma kiota chake juu ya vichaka vyenye kusimama mu maji. Mu dunia nzima, ndege huyu anajulikana mu bonde la Lufira tu. Ubelgiji hayuko, Marekani hayuko. Yuko kwetu, nyuma ya barrage iliyojengwa kwa umeme wa shaba.

Ninaomba tufikiri hapo. Wavuvi wa Tshangalele, na wamama wenye kwenda kununua samaki pale, bila shaka walipita mbele ya ule ndege asubuhi nyingi sana, miaka yote ile ambayo vitabu vilinyamaza. Macho walikuwa nayo. Kile walichokosa ni mutu wa kuwaambia: hiki munachoona ni kitu, kipigeni foto, andikeni siku.

Na ziwa lile haliko salama. Maji ya viwanda na ya migoti ya upande wa Likasi yanateremukia huko, na watafiti wamekuta shaba, kobalti na vyuma vingine mu matope na mu samaki wa Lufira ya juu. Karatasi nzuri ziko: mwaka 1982 UNESCO iliandika bonde la Lufira kuwa hifadhi ya biosfere, na mwaka 2017 bonde la Lufira liliingia mu orodha ya Ramsar, ile ya mabwawa na maji yenye maana kwa dunia yote. Lakini karatasi haina macho. Kama siku moja yule mufumaji wa njano akipotea, wa kwanza kujua hatakuwa mukubwa wa ofisi ya Ulaya. Atakuwa mutoto wa muvuvi. Na mutoto yule anakula samaki wa maji yale yale. Kile chenye kumuua ndege hakitaomba ruhusa mbele ya kuingia mu sahani ya mutu.

« Tutakula foto? »

Ninajua majibu. Baba anarudi kutoka poste ya usiku, mutoto anamuonyesha foto ya ndege, baba anasema: « Ni muzuri, mwana yangu. Sasa tutakula foto? »

Lile haliko ulizo la kuchekwa. Mu nyumba ambamo unga umepanda bei, mutoto mwenye kupiga ndege na jiwe anatafuta kitu cha kutia mu chungu, na mimi sitasimama kumuita mwenye zambi. Torati yenyewe haimuiti hivyo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inaongea juu ya mutu mwenye kukuta kiota njiani. Inamupa ruhusa achukue vitoto, lakini mama yao amuache aende zake. Ni sheria ya watu wenye njaa, haiko sheria ya watu wa hoteli. Inasema: kula, lakini usimalize. Na mwenye kuitii anaahidiwa mema na maisha marefu, sawa vile mwenye kuheshimu baba na mama. Fikirini: kiota cha ndege na heshima ya wazazi, ahadi moja!

Basi foto haishindani na chungu. Na tuseme kweli: telefone zetu ziko na mamia ya foto, za chupa za bia, za viatu vipya, za sisi wenyewe mbele ya kioo. Nafasi ya ndege mumoja haiwezi kukosa.

Wengine wanasema: ni mambo ya wazungu. Ni kweli kuko wazungu Wakristo waliofanya hivi na nguvu. John Stott, muchungaji Muanglikana wa London aliyekufa mwaka 2011, alisafiri inchi nyingi kuhubiri, na kila mahali alitafuta ndege wa pale na kuwapiga foto. Mwaka 1999 alitoa kitabu kizima juu ya kile ndege wanafundisha Mukristo. Lakini mbele ya Stott walikuwako wakambo wetu. Nani alitufundisha kwamba ndege fulani akilia, mvua iko karibu? Kiluba, Kisanga, Kilamba, Kibemba, kila lugha ya kwetu iko na majina ya ndege, na majina mengi hayajaandikwa popote.

Mu kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kitendo cha kwanza cha Adamu chenye kusimuliwa ni kuwapa nyama na ndege majina. Mungu aliwaleta mbele yake akangojea kusikia atawaita nani. Leo mutoto wa Kolwezi anajua ndege mbili tu: kuku, na ile yenye kubeba watu kwenda Kinshasa. Foto inaweza kusaidia hapa. Onyesha kambo ile telefone, muulize: « Kambo, huyu kwenu munamuita nani? » Utamuona uso wake unabadilika. Ataanza na jina, kisha atatoa hadisi, kisha atakuambia kyalo ambako alimuona mara ya kwanza. Andika jina lile pamoja na foto. Siku kambo atalala, jina halitazikwa pamoja naye.

Watu wa maombi, wao, wanaogopa kitu kingine: tusianze kutukuza kiumbe na kusahau Muumba. Woga ule ni wa kweli. Mutume Paulo aliuandika mu Waroma, sura ya 1. Lakini mu sura ile ile anafundisha pia kwamba vitu vilivyoumbwa vinafanya nguvu ya Muumba ionekane. Basi dawa ya woga haiko kufunga macho. Mwenye kufunga macho hataabudu ndege, lakini hatamushukuru Mungu kwa ajili yake pia.

Foto isiseme uongo

Kuko hatari moja yenye kunisumbua kuliko zote: foto nzuri yenye kudanganya. Ni rahisi kupiga ndege mweupe mwenye kusimama ku maji, kukata pembeni ile povu yenye rangi mbaya, kisha kutuma na neno la Zaburi. Watu mia wanajibu Amina. Maji yanaendelea kufa. Kalenda yenye tembo na maua inaweza kutundikwa mu ofisi yoyote, hata ile yenye kufunga macho wakati asidi inamwagika. Amri ya kukataza ushuhuda wa uongo haikuandikwa kwa ajili ya kinywa tu.

Kwa hiyo Mukristo mwenye kupiga foto apige yote mbili: ndege na maji yake, ndege na muti wake, hata kama muti umebaki kisiki. Tarehe 18 mwezi wa pili 2025, kwa majirani wetu wa Zambia, upande wa Kitwe, ukuta wa bwawa la taka za mugoti wa shaba ulibomoka. Maji ya asidi yakateremuka mpaka mto Kafue, samaki wakaelea juu wamekufa, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Foto za wale samaki zilienda mbio kuliko barua ya mukubwa yeyote. Na mwenzetu Rodrigue Katembo, mulinzi wa hifadhi, alitumia kamera ya kufichwa kuonyesha rushwa juu ya petroli ya Virunga. Alifungwa, aliteswa, kisha akawa mukubwa wa hifadhi ya Upemba. Mwaka 2017 alipewa zawadi ya Goldman, ile ya walinzi wa mazingira.

Sisemi kila baba wa nyumba afanye sawa yeye. Uko na watoto wa kulisha. Usiingize telefone mahali ambapo sheria ya kazi imekataza, usipige foto askari, usipige ndani ya eneo la kampuni bila ruhusa. Kwa upande huu ndege ni rafiki mwema: hakuna mutu atakukasirikia ukimupiga akiwa ku lupango yako, ao ku muti wa parokia, ao ku kijito cha mutaa wako. Na kila foto iwe na mambo matatu: mahali, siku, saa. Fanya hivyo mwaka mumoja, kisha mwaka wa pili. Kama mwaka wa kwanza ku kijito walikuja makumi na mwaka wa pili wanakuja wawili, uko na ushuhuda mukononi, na hukumutukana mutu.

Namna ya kuanza

Haiombi feza nyingi. Ni kweli, hifadhi ya Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939, na ya Kundelungu iliyoanzishwa mwaka 1970, ziko na nyama wakubwa, punda-milia na wengine, ambao wengi wetu hatutapata njia ya kuwafikia. Lakini Yesu hakuwatuma watu kwenda mbali. Aliwaonyesha ndege waliokuwa wanapita pale pale walipokaa.

Anza ku lupango. Saa nzuri ni asubuhi, jua likitoka, na mutu wa poste ya usiku yuko njiani saa ile ile, bahati yake. Jua likae ku mugongo wako. Usimukimbilie ndege, tafuta mahali yeye anapenda kuja, umungojee. Atakuja ku bomba lenye kutonya maji, ku muti wa papai, ku takataka ambako kunguru mwenye kola nyeupe anatawala. Kuko pia yule mudogo mweusi na mweupe mwenye kutikisa mukia pembeni ya maji. Telefone ya bei ndogo haivuti mbali, basi kaa kimya kama muti mpaka wao wasogee. Kiota chenye vitoto, pita mbali, kwa sababu mama akiogopa anaweza kuviacha. Usikate tawi kusudi uone vizuri. Na usipige foto ndege aliyefungwa kamba ku muguu, kwanza mufungue.

Utaona mambo. Mwezi wa kumi na moja, mbayuwayu wanakaa ku waya za umeme, musururu mzima. Wametoka Ulaya, wamepita jangwa na pori kubwa, hawakuomba viza. Mwezi wa tatu wanaanza kurudi. Mutoto mwenye kuwahesabu ku waya ya mutaa wake amejifunza jiografia na hesabu mara moja.

Kwa makanisa yetu niko na ombi moja. Kutoka tarehe 1 mwezi wa tisa mpaka tarehe 4 mwezi wa kumi, makanisa mengi ya dunia yanafanya muda wa kuombea uumbaji. Kwetu ni wakati mapori yamekwisha kuungua, jacaranda inatoa maua pa Lubumbashi, na kila mutu anangojea mvua ya kwanza. Kila parokia itundike ku ukuta foto kumi na mbili zilizopigwa na watu wake, watoto na wakubwa. Chini ya kila foto paandikwe jina la ndege mu lugha ya nyumba, mahali na siku. Pembeni yake iwekwe foto ya maji ao ya muti wake, vile viko kweli. Hakuna zawadi ya foto nzuri kupita zote. Siku ya yenga, mbele ya sala ya mwisho, yasomwe majina.

Na ni nani atajua yale majina? Watoto hapana, wanafunzi wa chuo hapana. Watajua wale wazee wa kazi wenye kukaa mbele ya mulango, waliotoka kyalo na kuingia mugoti wakiwa vijana. Watumeni watoto na telefone kwao. Muzee ambaye tangu 2003 hakuna mutu alimuuliza kitu ataulizwa: baba, huyu ni nani? Atakuwa mwalimu tena mu mutaa wake.

Bei ya shaba inaamuliwa London, inapanda na kushuka bila kutuuliza. Lakini nani anahesabiwa hapa kwetu na nani anapitwa, hiyo tunaamua sisi wenyewe, kila mara tunapoinua macho. Tuanze na shomoro wa tano.